Mahindi ya Machi

Ni mimi niliyeua mahindi ya watoto wa mtaa wa Alexandra. Kwa miaka tisa nimesema ni saa za simu. Nimesema hivyo vikaoni, nimeandika hivyo katika ripoti, nimerudia hivyo katika hotuba moja niliyopigiwa makofi, na mara moja nilisema hivyo kanisani, mahali ambapo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Saa za simu hazikuua chochote. Aliyeandika "Machi: panda mahindi" ni mimi, kwa vidole hivi hivi, nikiwa nimekunywa chai vizuri na sina hata homa ya kusingizia.

Nawaandikia ninyi vijana mnaonisimamisha baada ya ibada kuniuliza mtu anaingiaje katika kazi ya kutengeneza michezo ya simu inayofundisha. Mnaniita mtaalamu, nami huwa naitikia, maana jina zuri halikataliwi mbele ya watu. Lakini mwaka jana nilistaafu, mapema kidogo, macho yakiwa yamechoka na vioo vidogo, na mtu aliyestaafu hana tena bosi wa kumwogopa. Basi kaeni niwaambie kazi ilivyokuwa, kisha mtaamua kama bado mnaitaka.

Tulikuwa watu wanne katika chumba kimoja cha ghorofani huko Braamfontein, katikati ya Johannesburg, juu ya duka la nywele za bandia. Kazi yetu ilikuwa kuwafundisha vijana wa mjini kilimo kisichochosha ardhi: mboji, kufunika udongo kwa majani, kubadilisha mazao, kutunza maji. Mchezo uliitwa *Shamba Sharp*. Hapa Johannesburg neno "sharp" ni sawa, asante na kwaheri kwa pamoja, kwa hiyo tuliona jina limebeba kila kitu. Bosi alikuwa mzaliwa wa mjini aliyeogopa kuku. Sipho, aliyeandika programu, alikuwa amekulia ghorofa ya tisa. Mchoraji alipenda sana kuchora ng'ombe, ingawa mchezo haukuwa na ng'ombe. Na mimi, binti wa mwalimu kutoka Bungoma, ndiye niliyepewa cheo cha mtu anayejua shamba.

Nilikipokea. Nilikuwa na shahada mbili za fasihi, na tasnifu yangu ilikuwa juu ya udongo kama ishara. Kurasa mia na ishirini za udongo, na kucha zangu zilikuwa safi mwanzo hadi mwisho.

Ndani ya mchezo mwalimu alikuwa nyungunyungu mwenye kofia ya majani, jina lake Bwana Nyungu. Mimi ndiye niliyemtilia maneno mdomoni. Somo lake la kwanza, lililohusu mboji, lilikuwa na aya nne na nilijivunia kila koma. Tukampelekea msichana mmoja wa Alexandra aitwaye Lerato, wa darasa la saba, aujaribu mchezo akiwa ameketi juu ya kreti nje ya spaza, yaani kiduka cha mtaani. Alibonyeza kioo mara nne upesi kama anayefukuza nzi.

"Huyu mnyoo anataka nini?" akaniuliza.

"Amekueleza. Soma."

"Siwezi, ma'am. Nimeshampita."

Andikeni hilo mahali. Mtoto hasomi, anapita. Tangu siku ile sheria yangu ikawa kwamba maneno ya Bwana Nyungu yasizidi yale unayoweza kusoma ukiwa umesimama kwenye roboti, ndivyo tuitavyo hapa taa za barabarani, kabla haijageuka kijani. Aya zangu nne zikawa: "Maganda usitupe. Nipe nile." Watoto wakaanza kumlisha maganda usiku na mchana. Tasnifu yangu haikuwahi kumfanya mtu yeyote afanye lolote.

Sheria ya pili: mchezo uwe mwepesi. Toleo letu la kwanza lilikuwa zito kwa sababu mchoraji alitaka kila jani liyumbe peke yake kwa upepo. Lerato alituambia kwa upole kwamba kuupakua kungemaliza bando la mama yake lote, na mama yake si mtu wa kuchezewa. Sipho akayakata majani yote yakaacha kuyumba, mchoraji akanuna wiki mbili, na mchezo ukaweza kuchezwa bila intaneti.

Sasa tuje kwenye dhambi yenyewe.

Mchezo ulihitaji kalenda. Ulisoma tarehe kwenye simu, ukajua ni mwezi gani, kisha Bwana Nyungu akasema kitu cha kupanda. Bosi akanigeukia. "Wewe ndiye umekulia shambani." Nikaketi, nikaiandika kalenda kwa dakika ishirini bila kufungua kitabu. Machi, mvua kubwa, panda mahindi. Kwetu Bungoma hilo halihitaji kitabu. Machi ikifika hata mwalimu wa hesabu anaomba ruhusa akapande. Harufu ya Machi kwangu ni harufu ya udongo uliolowa, na sikuwahi kufikiri kwamba Machi inaweza kunuka kitu kingine.

Nilikuwa nimeishi Johannesburg miaka saba. Kila Juni nilikuwa nikinunua hita mpya kwa sababu ile ya mwaka jana imeungua. Kila Juni nilikuwa nikienda kazini na soksi mbili mbili. Sikuunganisha mambo haya na mahindi hata siku moja. Soksi zilikuwa maisha yangu, na mahindi yalikuwa taaluma.

Mtauliza kama hakuna mtu aliyeikagua. Ilikaguliwa. Wafadhili walituma kalenda yangu kwa mtaalamu wa kilimo, Mholanzi mmoja mpole sana, naye akaijibu kwa barua pepe kutoka kwao: nzuri mno, Machi ndio mwanzo wa majira ya kupanda. Kwao ni kweli. Basi Mkenya na Mholanzi wakakubaliana kuhusu Machi, na Mwafrika Kusini hakuulizwa. Nilichapisha kalenda ile kwa rangi, nikaweka picha ya Bwana Nyungu akicheka, nikampelekea Mwalimu Dikeledi aibandike ukutani.

Mwalimu Dikeledi alifundisha sayansi katika shule moja ya Alexandra. Mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Nyuma ya madarasa palikuwa na kipande cha ardhi tupu, na alikuwa amekiomba kwa mwalimu mkuu miaka miwili ili watoto wakifanye shamba. Mwalimu mkuu, Bwana Mokoena, alikitaka kipande hicho hicho kiwe maegesho ya magari. Alikuwa na gari jeupe la zamani alilolipenda kama mtoto wa mwisho, na kila alipoliegesha barabarani alirudi akakuta gurudumu moja halina kifuniko. Ukikaa Alexandra, ambako nyumba zimebanana hadi paka anapita kwa ubavu, kipande kitupu cha ardhi si jambo dogo. Hatimaye Mokoena alikubali, kwa masharti: mwaka mmoja. Shamba likizaa, libaki. Lisipozaa, anamwaga zege.

Kwa hiyo mchezo wetu ulipofika, Dikeledi hakuuona kama mchezo. Kwake ulikuwa wakili.

Machi ikaja. Bwana Nyungu akasema, "Panda mahindi!" na darasa zima la saba likatoka na majembe. Nami nilikuwepo, na kofia, napiga picha za ripoti. Mokoena akaja akasimama kando, mikono mfukoni.

"Mahindi?" akauliza.

"Mahindi, Principal," akajibu Dikeledi.

Mokoena akatazama juu, akatazama mashimo, akanitazama mimi na kofia yangu.

"Sawa," akasema, akaondoka akipiga mluzi.

Nilipenda mluzi ule. Nilidhani shamba limeanza kumwingia.

Hapo kati niwaambie kuhusu saa, maana ndipo nilipopata uongo wangu. Mahindi ya kwenye mchezo yalichukua siku nne kukomaa, kwa makusudi, ili watoto wajifunze subira. Watoto wakajifunza kitu tofauti: ukiingia kwenye mipangilio ya simu ukasogeza tarehe siku nne mbele, mahindi yanakomaa papo hapo. Ndani ya wiki moja darasa zima lilikuwa linavuna. Nikamlalamikia Sipho.

"Tuwazuie!"

"Mama, waache," akasema bila kuinua macho. "Hao hawatakuwa wakulima. Hao watakuja kuchukua kazi yangu."

Aprili yale mahindi ya kweli yalikuwa mazuri hadi nikaanza kuandika makala. Mei yakasimama, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua jikoni. Kisha asubuhi moja Dikeledi akanipigia, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika mbali.

"Mam' Nasimiyu, njoo uone."

Jalidi, ule umande unaoganda usiku, ilikuwa imeshuka. Mistari yote ilikuwa imelala, majani yamelegea kama sukuma wiki iliyochemshwa ikasahauliwa, na jua lilipopanda yakageuka rangi ya karatasi ya kufungia sukari. Watoto walikuwa wamesimama ukingoni na sweta zao za shule. Lerato akaniuliza, "Ma'am, Bwana Nyungu amekufa?" Nikasema hapana, amelala. Nilianza kudanganya mapema siku ile.

Kikao kilifanyika katika chumba cha walimu. Mokoena, Dikeledi, walimu watano, Lerato kama mwakilishi wa darasa, na mimi na kompyuta yangu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nimefungua kalenda yangu, nikakuta neno Machi limekaa pale, halina aibu. Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli, naapa. Nilikuwa hata nimeandika sentensi. Kisha Mokoena akauliza, "Nani mwenye makosa?" na chumba kizima kikanigeukia, na mdomo wangu ukajiendea wenyewe.

"Mchezo unasoma tarehe iliyo kwenye simu," nikasema. "Wanafunzi wamekuwa wakiisogeza. Kwa hiyo kalenda ikachanganyikiwa."

Ukiutazama kwa mbali ulikuwa uongo wenye elimu. Ulikuwa hata na mchoro.

Lerato akainua mkono. "Lakini ma'am, mimi yangu sikuisogeza."

"Labda ilijisogeza," nikasema.

Hiyo ndiyo sentensi mbaya kuliko zote nilizowahi kutamka katika lugha yoyote, na nimewahi kuhutubia mkutano kuhusu udongo kama ishara.

Mokoena alinitazama. Akatabasamu kidogo, nikadhani nimemshawishi. Dikeledi ndiye aliyesimama. Aliomba radhi kwa niaba ya watoto. Alisema ni yeye aliyepaswa kuwasimamia, kosa la watoto wake ni kosa lake, lakini asinyang'anywe shamba lote. Nami nikaketi pale nikimsikiliza mwanamke mzima akiomba msamaha kwa kosa langu, na nilichofanya ni kufunga kompyuta polepole ili isitoe mlio.

Mokoena akakata shauri. Nusu ya shamba ibaki, nusu iende. Wiki iliyofuata zege likamwagwa juu ya mistari ile ya mahindi, na magari manne yakaanza kulala hapo, la kwanza likiwa jeupe.

Jumamosi hiyo nilikwenda Berea kusukwa. Mwanamke anayenisuka ni Mama Clémence, mtu wa Bukavu, anayekaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja la zamani. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti chake miaka mitano bila kuuliza zile ndoo za rangi zilizopangwa juu ya paa zina nini. Siku ile niliuliza kwa sababu nilikuwa nahitaji kuzungumza kuhusu kitu chochote kisichokuwa mimi.

"Lengalenga," akasema, yaani mchicha. "Na viazi ya majani. Lakini saa hii hakuna kintu, ni baridi. Minapumzisha udongo."

Nikamwambia yote. Mtu anayekushika nywele huwezi kumficha kitu. Alicheka hadi akaniachia kichwa akaenda kuketi kitandani.

"Weye mama, uko na madiplome ngapi?"

"Mbili."

"Na hakuna hata moja yenye ilikuambia huku Juni ni baridi?"

"Ni za fasihi, Mama Clémence."

"Ah bon." Akarudi kwenye nywele, akavuta kwa nguvu isiyohitajika. "Sikia. Mimi mwaka ya kwanza nilipanda maharagi mwezi wa pili, sawa kwetu. Yote ilikufa. Nilikaa hapa juu nikalia. Njo nikaenda kuuliza ule mzee wa Zulu anachunga lango. Akaniambia, mama, huku unangoja ngurumo ya mwezi wa kumi. Njo vile. Muntu akifika mahali, anauliza. Weye uliuliza nani?"

"Mholanzi."

Hapo alilazimika kuketi tena.

Alipomaliza kucheka alisema, "Utaenda kuambia ule mwalimu."

"Nitamwambia," nikasema.

Vijana, nitamwambia ni neno linaloweza kudumu miaka tisa bila kuharibika. Haliwekwi hata kwenye friji.

Lakini kuna jambo moja nililifanya. Nilimchukua Mama Clémence hadi shuleni, nikamtambulisha kwa Dikeledi kama mshauri wa kampuni, cheo nilichokitunga garini. Aliinama, akachukua udongo wa ile nusu iliyobaki, akaunusa, akautupa. "Huyu ana njaa," akasema. Akatueleza la kufanya wakati wa baridi: usipande, lisha. Majani makavu, maganda ya jikoni, samadi ukipata, mwagia maji, geuza, subiri. Funika udongo kama unavyofunika mtoto. Kila kitu nilichokuwa nimekiandika katika mchezo kwa maneno ya kusomwa kwenye roboti, yeye alikifanya kwa mikono akiwa na viatu vya ibada.

Majani makavu tuliyapata Sandton, ng'ambo tu ya barabara kuu, ambako miti ni mikubwa na watu huyafagia majani wakayatia katika mifuko myeusi na kuyaweka nje ya mageti yatupwe. Tukaenda sote watatu kwa gari langu dogo, tukaanza kuipakia ile mifuko. Tulipofika mfuko wa sita, mlinzi akatoka kwenye kibanda chake na daftari mkononi. Alitusikia tunavyosemezana kwa Kiswahili, akaacha Kiingereza papo hapo. Alikuwa mtu wa Lubumbashi.

"Bamama, munafanya nini pale?"

"Tunaokota majani," akasema Clémence.

"Ya nani?"

"Ya kutupa, papa."

"Ya kutupa iko na benyewe. Minapashwa kuandika mu kitabu." Akafungua daftari, akasita. "Minaandika nini? Nikiandika 'bamama batatu, majani', bosi ataniuliza ni majani ya kuvuta."

"Andika chakula," nikasema.

"Chakula ya nani?"

"Ya udongo."

Alitutazama mmoja mmoja, akafunga daftari. "Nyumba namba kumi na mbili banaweka mingi zaidi," akasema. "Siku ya tatu. Mukuje mapema." Na kila Jumatano ya majira yale alikuwa ametupangia mifuko ukutani, midomo imefungwa vizuri.

Nami nikaisahihisha kalenda. Kwenye orodha ya mabadiliko ya toleo jipya niliandika: marekebisho madogo ya muonekano. Sipho alisoma, akainua nyusi.

"Muonekano wa nini, Mama?"

"Wa Machi," nikasema. Hakuuliza tena. Alikuwa kijana mwenye adabu, na pengine ndiyo sababu alipanda vyeo haraka kunishinda.

Oktoba ngurumo ya kwanza ikapiga, ya jioni, yenye kishindo. Kesho yake darasa likapanda mahindi kwenye ile nusu. Shule zilipofunguliwa Januari watoto walikuwa wanachoma mahindi mabichi nyuma ya madarasa, na Mokoena alikula mahindi matatu akiwa ameegemea gari lake jeupe, juu ya zege. Shamba likabaki. Nusu ikabaki nusu. Kila mwaka Dikeledi aliomba ile nyingine, na kila mwaka Mokoena alimjibu vilevile: "Watoto wako wakijifunza kutunza saa zao, tutazungumza."

Na hapa ndipo uongo wangu ulipopata ajira ya kudumu. Dikeledi alichora bango kubwa, akalitundika langoni mwa shamba: USISOGEZE SAA. Kila darasa jipya lilisimulia darasa lililofuata jinsi watoto wa zamani walivyosogeza tarehe na mahindi yote yakafa. Mwaka mmoja nilitembelea shule, mtoto wa miaka kumi na moja akanieleza kwa umakini mkubwa kwamba ukisogeza tarehe ya simu mbele, baridi nayo inawahi, kwa hiyo wao huziacha simu nyumbani wakati wa kupanda.

"Nani amekufundisha?" nikamuuliza.

"Ni sayansi, ma'am."

Mimi, mtu niliyelipwa miaka yote ile kufundisha watoto ukweli wa udongo, nilisema "Mmh," nikaenda kuangalia kabichi.

Hadi mwezi huu.

Nilikuwa Mayfair, katika duka la Msomali ninakonunua maharagwe na iliki, na mwenye duka alikuwa ananipimia. Simu ikalia. Mokoena. Hakuwahi kunipigia tangu nistaafu.

"Mam' Nasimiyu," akasema, "wiki ijayo nastaafu. Nasafisha droo zangu. Nimekutana na karatasi yako."

"Karatasi gani, Mwalimu Mkuu?"

"Ile kalenda ya rangi. Yenye mnyoo anayecheka. Niliibandua ukutani asubuhi ile ya jalidi." Nikasikia karatasi ikikunjuliwa. "Imeandikwa hapa: Machi, panda mahindi. Mam' Nasimiyu, karatasi haina saa ya kusogeza."

Mwenye duka akauliza, "Mama, kilo mbili au tatu?" Nikamwonyesha vidole. Sijui vilikuwa vingapi.

"Umeijua miaka yote?" nikamuuliza Mokoena.

"Baba yangu alilima mahindi Limpopo maisha yake yote. Niliwaona mkichimba mashimo Machi, na wewe na kofia yako. Nikajua kabla hamjafukia."

"Na hukusema!"

"Nilitaka maegesho," akasema. Akashusha pumzi. "Nilikwenda ofisini moja kwa moja, nikaanza kuhesabu magari mangapi yataenea. Ulipokuja na hadithi ya saa, eish, nikaona Mungu ananipenda. Basi. Asubuhi hii nimemwambia Dikeledi sehemu yangu. Ijumaa zege linavunjwa, ile nusu inarudi. Gari langu nimeshalitoa. Lakini nimesema kila mtu atajisemea lake, kwa hiyo lako sijaligusa."

"Nitakuja Ijumaa," nikasema. "Nitamwambia."

"Hapana. Mwambie sasa. Simu iko kwenye spika tangu uliposema 'karatasi gani'."

Kule nikasikia viti vikisogezwa. Sauti ya chumba chenye watu wengi, niliitambua. Kilikuwa chumba cha walimu.

"Mwalimu Dikeledi," nikasema, katikati ya duka, mbele ya magunia ya mchele na mama wawili waliokuwa wakichagua tende, "si saa. Haikuwa saa kamwe. Ni mimi. Niliandika Machi ya kwetu nikaileta hapa. Nilijua usiku ule kabla ya kikao, na nikawasingizia watoto."

Mama mmoja akaacha kuchagua tende.

"Miaka tisa," ikaja sauti ya Dikeledi. "Nimewanyang'anya watoto simu miaka tisa."

"Najua."

"Lerato aliniapia. Nikamwambia asiape uongo."

"Najua, Mwalimu. Nitampigia."

"Utampigia leo. Na lile bango utakuja kulipaka rangi mwenyewe, upande wote."

"Nitalipaka."

"Na Ijumaa utakuja na jembe, si kamera."

"Nitakuja na jembe."

Kisha sauti yake ikarudi kuwa ile ya kufika ng'ambo ya barabara, na kwa nyuma nikasikia mtu anajizuia kucheka. "Sasa niambie, Mam' Nasimiyu. Huu ni mwezi gani?"

Nikafumba macho. "Machi."

"Zege likivunjwa, tunapanda nini?"

Niliwaza kumpigia kwanza Mama Clémence. Lakini nikasema nitajibu kama mtu mzima. "Vitunguu," nikasema. "Vitunguu, kabichi na spinachi, udongo ukishalishwa. Mahindi yangoje ngurumo za Oktoba."

Nilijiona nimefaulu. Kisha nikamsikia Mokoena, mbali kidogo na simu.

"Sawa," akasema. Na akaanza kupiga mluzi ule ule.

"Mwalimu Mkuu!" nikapiga kelele hadi maharagwe yakamwagika kaunta nzima. "Usiondoke! Nimekosea wapi?"